Fahali na Kisanduku

2 Februari

Mpwa wangu,

Kuna jambo nimelificha tangu hujaoa, na nimelificha vizuri: mke wangu alizikwa hajalijua, na bendi yetu imekwisha mmoja baada ya mwingine bila kulijua. Nitakwambia kabla sijafa. Si leo. Leo bado nina nguvu za kuona haya.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema, maana anayengoja salamu zako anaweza kuziitikia kutoka kaburini.

Sisi huku tupo. Dada yako ndiye anayenitunza, na ananipikia bila chumvi kwa amri ya daktari, kwa hiyo sasa nakula kama mtu anayelamba ukuta. Miguu imenivimba. Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba moyo wangu ni pampu iliyochoka. Nimefundisha fizikia hadi nimestaafu, najua pampu iliyochoka hufanya nini. Jongoo, mpiga besi wetu, bado yu hai. Katika bendi nzima tumebaki yeye na mimi, na wewe, kama kweli wewe unahesabika.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Wiki iliyopita Jongoo alikuja na simu ya mjukuu wake akanionyesha picha yako ukipiga gita mjini huko. Nikatazama nyuma yako: ukuta mtupu. Nikamwuliza, "Amplifaya iko wapi?" Akanionyesha kwa kidole kisanduku kidogo karibu na kiatu chako. "Ndiyo hiyo, Mwalimu. Anaikanyaga."

Mpwa wangu, siku hizi amplifaya inakanyagwa? Na masikioni umejiziba vitu kama mgonjwa. Ulisimama mbele ya watu kama karani anayengoja simu.

Fahali, amplifaya yangu, yupo hapa chumbani kwangu, miguuni pa kitanda. Nilimtengeneza kwa mikono hii: valvu zake za kioo, transfoma yake, mbao zake. Hanyanyuliwi na mtu mmoja. Ukigonga waya mmoja tu, suruali inapepea. Hiyo ndiyo sauti. Hicho kisanduku chako ni picha ya ugali, mtu hashibi.

Mwezi wa nane bendi itatimiza miaka hamsini. Tutakusanyika kwenye ukumbi wa shule niliyofundisha. Siku hiyo nataka kumkabidhi mtu Fahali na jina la bendi. Sina mtoto, na wewe ndiye mtoto wa dada yangu. Vyote viwili ni vyako, kwa sharti moja: upige kwa Fahali, mbele ya watu, bila kisanduku.

Mjomba wako


19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma siku ileile, lakini kila nilipoijibu, jibu lilikuwa halifai kusomwa na mgonjwa.

Sisi hatujambo. Mke wangu bado na cherehani yake, ameongeza ya pili na binti wa kumsaidia. Mkubwa yuko chuoni, anaandika akitaka fedha tu, kwa hiyo najua ni mzima. Kitinda mimba ameng'oka meno ya mbele na amekataza mtu yeyote asicheke mezani. Mwambie dada nitatuma viatu vya kupanuka kwa ajili ya miguu yako.

Umeniuliza kuhusu kisanduku. Ndani yake kuna hesabu, Mjomba, zile ulizozifundisha wewe. Kinachukua sauti ya gita na kuitengeneza iwe kama imepita kwenye valvu na spika kubwa. Kinaingia kwenye mkoba. Jukwaani hakitoi mlio wowote. Sauti inakwenda moja kwa moja kwa fundi mitambo, na mimi najisikia masikioni kwa kiasi nipendacho. Hotelini ninapopiga, meneja alituita siku ya kwanza akasema, "Jamani, wateja wangu wamekuja kula, hawakuja vitani. Mwenye amplifaya aiache nyumbani ailalie." Wenzangu walilalamika. Mimi nilifurahi. Nina sababu zangu.

Na kwa kuwa umeanza wewe, nami niseme. Unakumbuka siku ya majaribio? Nilikuwa kijana, nimekesha na ule wimbo mpaka vidole vikatoka damu. Ulisimama kando ya Fahali, mkono umeuweka juu ya ubao wake kama mtu anayepapasa ng'ombe sokoni. Nikapiga. Ukasema, "Ongeza, sikusikii." Nikaongeza. "Ongeza!" Nikaongeza hadi mwisho, mpiga ngoma akaziba masikio. Ukaondoa mkono, ukasema mbele ya wote: "Vidole vyako vimelala. Nenda kajifunze kazi nyingine." Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Hukumtazama hata dada yako.

Kisanduku hiki, Mjomba, ndicho amplifaya ya kwanza ambayo haijanitukana.

Nakutumia memori kadi. Iko ndani ya bahasha ndogo, dada aiweke kwenye redio. Nimeurekodi wimbo uleule mara mbili: mara moja kwa amplifaya ya valvu niliyoazima, mara moja kwa kisanduku. Niambie ipi ni ipi. Ukishindwa, niachie nipige kwenye sherehe ya miaka hamsini kwa kifaa changu. Nipigie simu ukishasikiliza.

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Viatu vimefika, ni vikubwa kama mashua, lakini vinaingia. Dada yako ameota jipu kwenye kwapa na hataki kwenda kwa daktari. Amerithi ukaidi wa upande wa mama yenu, yaani wa kwangu. Jongoo ameanguka bafuni akavunjika jino moja kati ya mawili aliyokuwa nayo. Nimemwambia lile lililobaki lina haki ya kuoa lingine.

Simu sipigi. Nimekwambia miaka yote, simu ni kelele ndani ya kopo. Mtu mwenye neno aliandike.

Nimesikiliza. Nimesikiliza mara tatu, peke yangu, mlango umefungwa. Ya kwanza ni amplifaya. Haikuhitaji hata kutafakari: ina pumzi, noti inaingia chumbani kama mtu, inavuta kiti, inakaa. Ya pili ni kisanduku chako. Maiti iliyopakwa wanja. Nilisikia noti zinatoka zimepangwa mstari kama watoto wa shule ya bweni, hakuna hata mmoja aliyechafuka. Na kwenye kipande cha katikati, pale wimbo unapopanda, umekimbilia nyuma kama kawaida yako. Ulikimbia siku ile na unakimbia leo. Tofauti ni kwamba leo umenunua mahali pa kujificha.

Ulitaka hukumu, umeipata. Sharti langu liko palepale. Fahali, au hakuna jina.

Mjomba wako


30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mke wangu hajambo, watoto hawajambo, jino moja la kitinda mimba limeota limepinda. Salamu zimekwisha.

Kadi niliyokutumia ilikuwa tupu.

Sikukusudia. Nilinunua kadi mbili siku moja, na ile yenye nyimbo niliikuta juzi mfukoni mwa suruali, mke wangu akitaka kuifua. Nilitaka kukuandikia nikuombe radhi, nikutumie ile ya kweli. Kisha nikaenda kuitoa barua yako sandukuni, nikaisoma upya. Noti inayovuta kiti ikakaa. Watoto wa bweni. Nimekimbilia nyuma kwenye kipande cha katikati. Mara tatu umesikiliza, peke yako, mlango umefungwa.

Mke wangu aliisoma akacheka mpaka akashika meza. "Mjomba wako hatari," akasema, "anasikia mpaka nyimbo ambazo hazijapigwa." Mimi sikucheka. Nilijua jambo nililolishuku tangu ujana: hujawahi kunisikiliza. Hukumu yangu huwa unayo tayari mfukoni, unangoja tu nifungue mlango.

Sasa nikwambie sababu zangu ambazo sikukwambia. Masikio yangu yanakufa. Ilianza na mlio, kama birika linalochemka chumba cha pili, na hakuna wa kwenda kulizima. Usiku ndio mkali. Baadaye herufi zikaanza kuanguka: mke wangu akisema "sita" nasikia "ita". Kisha sikio la kushoto likafunga kabisa. Daktari aliniuliza nimesimama mbele ya spika kubwa kwa muda gani. Nikamwambia, maisha yangu yote, zimefunguliwa hadi mwisho. Akauliza, "Nani alikufundisha kupiga hivyo?" Tangu siku ile uliyosema "ongeza, sikusikii," sijawahi kusimama mbele ya amplifaya nikaiacha chini. Niliogopa kwamba kuna mtu ukumbini hanisikii.

Ndiyo maana ya kisanduku. Hakuna spika nyuma yangu; masikioni naweka sauti ndogo. Daktari amesema sikio la kulia litanifikisha uzeeni nikilitunza. "Ukirudi mbele ya zile spika," akasema, "hata usiku mmoja, usije hapa kunililia."

Nimekueleza yote. Uamuzi ni wako. Ukiniandikia, "Njoo na kisanduku chako," nitakuja nikiimba njia nzima. Ukisema Fahali, basi nitakuja nipige kwa Fahali, kwa sababu nina umri wa kuwa babu na bado nikilala nasikia lile neno lako. Lakini nikipiga kwa Fahali utakaa mbele, karibu, na utanisikiliza kwa mara ya kwanza maishani mwako. Kisha utasema mbele ya watu ulichosikia.

Mpwa wako


14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Sina habari za nyumbani. Jipu la dada yako limepasuka lenyewe.

Kuhusu kadi, mzee anaweza kuchanganya mambo. Kuhusu masikio, daktari wa mjini hulipwa kwa kutisha watu. Kila mpiga gita ana mlio. Mwenye kuogopa moshi asikae jikoni.

Njoo. Kisanduku mwachie mkeo atunzie vifungo. Nimebadilisha valvu zote nne na Jongoo amekaza skrubu ya mwisho ya spika. Nitakaa karibu kuliko unavyotaka. Fungua hadi mwisho, nami nitasema neno ulilolifuata.

Mjomba wako


9 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia mapema safari hii kwa sababu kuandika ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Tulifika salama. Mke wangu hajasema nami tangu kituoni. Pengine amesema, siwezi kuapa. Kitinda mimba amegundua kwamba akinivuta kidole namgeukia, basi akitaka maji anavuta, akitaka kucheza anavuta, kidole kimemvimba babake. Jana alisimama mbele yangu akafungua mdomo mkubwa. Nilidhani ananionyesha jino lake. Alikuwa analia.

Sikio la kulia lilifunga usiku uleule wa sherehe. Wimbo wa nne, ule wako. Nilisikia kitu kama mlango wa bati unafungwa mbali, na baada ya hapo nilimaliza kwa kutazama vidole vyangu. Daktari alinipima, akaandika kwenye karatasi, akaisukuma mezani. Hakuniambia "nilikwambia". Ningependa angesema, hata kama nisingesikia. Hotelini wamemchukua kijana mwingine. Ana kisanduku kama changu. Kwa kweli ni changu, nimemwuzia.

Sasa sikiliza, maana hii si barua ya lawama.

Nakumbuka ulivyokaa. Watu wote wa safu ya mbele walirudi nyuma na viti vyao, wanawake wamewaziba watoto masikio, na wewe ulikuwa umeegemeza mgongo juu ya Fahali kama mtu anayeota jua, macho umefumba, machozi yanashuka. Sijawahi kukuona ukilia, hata tulipomzika mama. Nilipomaliza ukasimama kwa shida, Jongoo amekushika mkono, ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Mimi niliisoma mdomoni mwako, na mke wangu akaniandikia baadaye ili nisikosee: "Vidole hivi vimeamka. Nilikosea siku ile. Leo nimemsikia, na huyu ndiye mpigaji."

Mjomba, nimepoteza sana, lakini nimejipima na sijuti. Ukinirudisha mwezi wa nane, ningefungua tena hadi mwisho. Nimeishi na neno moja lako likinila. Sasa nina jingine la kuweka mahali pake. Mtu akiniuliza nimeyatoa masikio yangu kwa nini, nitamjibu kwamba mjomba wangu alinisikia.

Ile siri yako ya mwanzo wa mwaka, usiniandikie. Sitaki kuijua. Ulichonipa kinanitosha, kiache kilivyo.

Mpwa wako


27 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua hii naiandika kwa vipande, nikichoka naiweka. Maji yamepanda hadi mapajani na daktari hasemi tena habari ya chumvi. Jana dada yako alinipa mchuzi wenye chumvi, nikajua. Amepata mchumba, fundi rangi, mtu mtulivu. Jongoo huja kila asubuhi kutazama kama nimekufa, kisha anaonekana kuudhika kidogo.

Umeniomba nisikuandikie. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi. Mtu mwema angekutii. Lakini jambo hili sikulificha kwa ajili yako na siliungami kwa ajili yako. Naogopa kwenda nalo, basi. Naliweka kwako kwa sababu hakuna mwingine wa kulibeba.

Ule mlio wa birika ulioniandikia, chumba cha pili, hakuna wa kwenda kulizima: niliposoma niliiweka barua chini, kisha nikaisoma tena. Kwangu ulikuwa kama nzi ndani ya chupa. Ulianza mwaka wa pili baada ya kumtengeneza Fahali. Kila usiku kabla ya onyesho niliweka sikio kwenye spika yake kutafuta mngurumo, naye amefunguliwa. Kisha herufi zikaanguka, kama zako. Kisha sikio moja likafunga, na jingine likafuata. Kila hatua uliyoieleza nimeipita. Nilijua daktari wako anasema kweli kuliko anavyojua yeye mwenyewe. Nami nikakuandikia "njoo".

Nilikuwa kiongozi wa bendi na mwalimu, sikuweza kuwa kiziwi. Nikajifunza kusoma midomo. Nikaanza kuweka kiganja juu ya ubao wa Fahali. Anapounguruma, mbao zinatetemeka. Besi inaingia kwenye kiwiko, ngoma inaingia tumboni, gita likiwa kubwa linawasha vidole. Nilijifunza bendi nzima kwa ngozi. Watu walisema, "Mwalimu anampenda Fahali wake, hamwachii." Unaelewa sasa kwa nini nilivichukia visanduku kabla sijakiona hata kimoja. Kisanduku hakitetemeki. Ninyi mkiwa na visanduku, mimi sipo.

Siku ya majaribio yako, kabla hatujaanza, ulinisogelea ukanong'ona ili wengine wasisikie. Nilikusoma mdomo: "Mjomba, gita lako limeshuka, waya wa tatu." Ulikuwa na adabu hata ukanigeuzia mgongo nilirekebishe. Sikuweza kulirekebisha. Miezi mingi nilikuwa nakaza nyaya zake kwa kuzitazama tu, na katika watu wote waliokuwa mle ni wewe peke yako uliyegundua. Nikaona kwamba ukikaa mwezi mmoja utajua yote. Basi nikaweka mkono juu ya Fahali, nikakuambia uongeze, kwa sababu mkono wako ulikuwa mwepesi na sikuhisi kitu. Ukaongeza hadi mwisho, na bado sikuhisi ila mtetemo wa kawaida. Niliyatazama macho ya Jongoo nikaona anakutazama kama mtu aliyeona maji jangwani. Hapo ndipo nilipokufukuza. Hukufukuzwa kwa vidole, ulifukuzwa kwa masikio.

Kadi yako niliiweka kwenye redio, nikamtuma dada yako dukani, nikaweka kiganja juu. Hakikutikisika kitu. Nikadhani redio ni ndogo. Nikaandika yale niliyoyaandika, kwa sababu ndivyo nilivyohukumu muziki wa watu wote tangu masikio yalipofunga.

Na usiku wa mwezi wa nane nilikuita si kwa ajili ya jina la bendi. Nilitaka Fahali aungurume mgongoni mwangu mara moja kabla sijafa. Nilijua bei yake, na nilijua ni nani atakayeilipa. Yale machozi yalikuwa ya raha. Mbavu zilikuwa zinatetemeka kama nilipokuwa kijana, sikuwa nakufikiria wewe kabisa. Nilifumbua macho nikaona watu wamesimama, mikono inapiga makofi, nikajua wimbo umekwisha. Neno nililolisema nilikuwa nimelitunga kitandani tangu mwezi wa sita.

Sikukusikia, mwanangu. Usiku ule wala siku nyingine yoyote ya maisha yako, sijawahi kusikia hata noti yako moja.